Uzi wa Kioo Uliokatwa na Jembe Letu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tunguu

Katika daftari la kumbukumbu za kamati yetu ya msikiti hapa Tunguu upo ukurasa mmoja nilioandika kwa mkono mzito. Kichwa chake ni kifupi: "Kukatwa kwa mkongo." Nimewaomba wazee wa kamati idhini ya kuyatoa hadharani yaliyomo, nao wameridhia, kwa kuwa lililotupata sisi laweza kumpata yeyote anayeshika jembe katika kisiwa hiki.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Vijana wa mtaa walijitolea kuchimba mtaro wa bomba la maji, kutoka kwenye tangi hadi mahali pa kutilia udhu. Kazi ilikwenda vyema mpaka yapata saa tatu, pale jembe lilipogonga kitu cheusi, kinene kama kidole gumba, kilicholala kiasi cha nusu mita chini ya ardhi. Mmoja akasema ni mzizi. Mwengine akasema ni bomba la zamani lililoachwa. Kikapigwa panga mara mbili, kikakatika. Ndani hamkutoka maji wala hamkuonekana shaba. Mlikuwa na waya wa chuma, mafuta mazito mfano wa vaselini, na vijinyuzi vya rangi mbalimbali, vyembamba kama unywele.

Haikupita robo saa, kijana anayetoa na kupokea fedha kwa simu akatoka dukani mwake akilalamika kuwa mtandao umepotea. Mama mmoja aliyekuwa akizungumza na mwanawe aliyeko Muscat, huku akimwona usoni, akaja kuuliza kwa nini picha ya mtoto imeganda. Binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa akituma kazi yake ya mwisho ya muhula, na muda wa kuipokea ulikuwa unakwisha saa sita mchana. Hapo ndipo tulipoanza kutazamana.

Palizuka maneno. Baadhi walisema tufukie mtaro, tupitishe bomba upande wa pili, na nani atajua? Nakiri mbele ya wasomaji kwamba mimi, katibu, nilinyamaza. Saa nzima ilipita tukibishana chini ya mwembe. Hatimaye mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa muadhini wetu, akanigeukia akasema: "Katibu, kitu hiki kina mwenyewe. Mwenyewe ana haki ya kuambiwa." Nikatafuta namba kwa msaada wa sheha, nikapiga simu.

Mafundi wawili walifika saa tano. Hawakugomba. Mkubwa wao alichungulia shimo, akatabasamu kidogo, akaniambia: "Maalim, sisi tulikuwa njiani tayari. Mashine ilikwisha kutueleza kuwa mkongo umekatika, na ni umbali gani kutoka kituoni. Simu yenu imetuonesha shimo lenyewe tu."

Niliona haya. Tulikuwa tumekaa saa nzima tukijadiliana kuficha jambo ambalo mwanga ulikwisha kulieleza. Nikamuuliza fundi ni vipi mashine iliyo kilomita kadhaa kutoka hapa imejua pigo la panga letu. Alinijibu huku mikono yake ikifanya kazi, na yale aliyonifundisha, pamoja na niliyoyasoma baada ya siku ile, ndiyo ninayokuleteeni.

Mwanga hauponyoki vipi?

Watu wengi hudhani kuwa ndani ya mkongo mnapita umeme, kama katika nyaya za simu za zamani. Sivyo. Katika vijinyuzi vile unapita mwanga, na vijinyuzi vyenyewe ni kioo safi kabisa. Kila uzi wa kioo una unene wa milimita 0.125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita. Katikati yake mna kiini chembamba zaidi, chenye upana wa takriban sehemu 9 katika elfu za milimita, na mwanga husafiri ndani ya kiini hicho. Kinachokizunguka ni gamba, nalo ni kioo pia, lakini kioo cha aina tofauti kidogo.

Sasa swali: mwanga hutoka nje ya kioo cha dirisha bila ya kizuizi. Kwa nini basi hautoki nje ya uzi huu, hata pale uzi unapopinda kufuata barabara?

Jawabu wanalo watoto wanaopiga mbizi pale Forodhani, ingawa pengine hawajalifikiria. Mtoto aliye chini ya maji, akiangalia juu moja kwa moja, huona mbingu. Akiangalia kwa upande, uso wa maji humgeukia kuwa kioo cha kujitazamia: haoni tena kilicho juu, bali huona kilicho ndani ya bahari kikiakisiwa. Mwanga unaotoka katika maji kwenda hewani, ukiufikia mpaka kwa mlalo mkubwa, hauvuki. Hurudi wote ndani. Hivyo ndivyo ilivyo katika uzi wa kioo. Kiini kimetengenezwa ili mwanga upite ndani yake polepole kidogo kuliko ndani ya gamba. Mwanga unaokwenda kwa kufuata urefu wa uzi hulifikia gamba kwa mlalo mkubwa sana, nao hurudishwa ndani tena na tena, mpaka mwisho wa safari.

Elimu ya kupinda kwa mwanga ina historia ndefu kati ya wanazuoni wetu. Ibn Sahl, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika mwaka 984 risala juu ya vioo na lenzi, na humo imo kanuni ya namna mwanga unavyopinda unapotoka kitu kimoja kuingia chengine. Huko Ulaya kanuni hiyo ilikuja kuitwa kwa jina la Mholanzi Snell, aliyeishi zaidi ya miaka 600 baadaye. Baada ya Ibn Sahl akaja Ibn al-Haytham wa Basra, ambaye mwanzoni mwa karne ya 11, akiwa Cairo, aliandika Kitab al-Manazir na kuthibitisha kwa majaribio kuwa tunaona kwa sababu mwanga hutoka katika vitu na kuingia machoni. Kijana wetu anayesoma fizikia skuli asidhani kuwa anasoma elimu ya wageni.

Usafi ndio siri

Kujua kuwa mwanga unaweza kufungiwa ndani ya kioo hakukutosha. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ukitazame kwa ubavu. Utakiona kijani, kwa sababu kina chembe za chuma na uchafu mwengine unaomeza mwanga. Katika miaka ya 1960 kioo bora kilichokuwapo kilimeza karibu mwanga wote katika mita zipatazo 20 tu.

Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, waliandika kuwa tatizo si kioo, bali ni uchafu uliomo ndani yake. Kao alishikilia kuwa, ukisafishwa uchafu huo hata mwanga ukabaki sehemu 1 tu katika 100 baada ya kilomita moja, mawasiliano yatawezekana. Wengi walitia shaka. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning huko Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walikivuka kipimo hicho.

Leo usafi huo umefikia kiwango cha kustaajabisha. Katika uzi wa sasa mwanga husafiri takriban kilomita 15 kabla ya kupungua nusu. Kwa umbali wa kilomita 70, ambao ni kama umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, husalia kama sehemu 4 katika 100 ya mwanga uliotumwa, na kiasi hicho hutosha kusomeka. Safari yenyewe huchukua chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwani mwanga ndani ya kioo hukata kama kilomita 200,000 kwa kila sekunde. Katika safari ndefu za baharini, vikuza mwanga huwekwa ndani ya mkongo kila baada ya makumi ya kilomita ili kuutia nguvu upya.

Sauti ya mama inageukaje kuwa mwanga?

Kila kinachopita katika mtandao, kiwe sauti, picha au barua, kwanza hugeuzwa kuwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kifaa chenye leza ndogo hutuma tarakimu hizo kwa mwanga: mwanga mkali ni moja, mwanga hafifu ni sifuri. Leza hiyo hubadilika mabilioni ya mara kwa sekunde moja. Upande wa pili kipo kifaa kinachopokea mwanga na kuugeuza tena kuwa umeme, na kompyuta au simu hurejesha tarakimu zile kuwa sura ya mtoto aliyeko Muscat. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho ya binadamu. Na uzi mmoja huweza kubeba miale mingi yenye rangi tofauti kwa wakati mmoja, bila ya mmoja kumwingilia mwenzake.

Uzi unapofika mtaani hupitia kisanduku kidogo kinachogawa mwanga kwa nyumba nyingi, mara nyingi nyumba 32, na kisanduku hicho hakihitaji umeme. Nilipomuuliza fundi vipi nyumba 32 hazichanganyikiwi, alinipa mfano wa madrasa. Mwalimu husoma kwa sauti, na wanafunzi wote husikia, lakini kila mmoja huchukua lililoelekezwa kwake. Wao wanapotaka kujibu, hujibu mmoja mmoja kwa zamu anayoitoa mwalimu. Kifaa cha kituoni ndiye mwalimu. Modemu za nyumbani ndio wanafunzi. Mwalimu husema kwa rangi moja ya mwanga, na wanafunzi humjibu kwa rangi nyengine, wote katika uzi ule ule.

Hapo ndipo nilipofahamu mambo mawili yanayotutatiza majumbani. La kwanza, umeme ukikatika nyumbani intaneti hukatika, si kwa sababu uzi umekufa bali kwa sababu modemu imezimika. Betri ndogo ya akiba inaweza kuondoa usumbufu huo. La pili, uzi mwembamba unaoingia ndani ukikunjwa sana nyuma ya kabati au kwenye kona ya mlango, mwanga hulifikia gamba kwa mlalo mdogo na kuponyoka. Uzi hautakuwa umekatika, lakini taa nyekundu itawaka. Mara nyingi dawa yake ni kuukunjua tu.

Mashine ilivyotusema

Nirudi kwenye swali langu la kwanza. Kioo, hata kiwe safi namna gani, hurudisha nyuma chembe ndogo sana za mwanga kila mahali unapopita. Fundi hutuma mpigo mmoja mfupi wa mwanga, kisha mashine yake husikiliza kinachorudi na kupima muda. Kila sehemu moja ya milioni ya sekunde ya kwenda na kurudi ni sawa na mita 100 za uzi. Mwanga unapofika mahali palipokatwa, mrejesho hubadilika ghafla na baada ya hapo huwa kimya. Mashine huandika umbali. Panga letu lilikwisha kuandikwa kabla sisi hatujamaliza kubishana.

Kuunga ni kazi ya subira. Fundi alisafisha kila uzi, akaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, akaweka ncha mbili katika kimashine kinachozikabilisha kiini kwa kiini, kisha cheche ya umeme ikaziyeyusha na kuzifanya kitu kimoja. Akafuatia uzi mwengine, rangi kwa rangi, kwani rangi ndizo majina yao. Tulisali adhuhuri, tukasali alasiri, naye yungali amekaa kando ya shimo letu.

Kisiwa na kamba zake

Sisi watu wa visiwani tunapaswa kulielewa jambo hili zaidi ya wengine. Zanzibar ilifungwa kwa kamba za bahari tangu mwaka 1879, zama za Sultani Barghash, pale kampuni ya telegrafu ya Waingereza ilipolaza waya wa shaba kutoka Aden kuja hapa, na kuendelea Msumbiji hadi Durban. Kisiwa cha Bawe, tunachokiona mbele ya Mji Mkongwe, kilikuwa kituo cha waya huo.

Mikongo ya kioo ilichelewa kufika mwambao wetu. Mpaka mwaka 2009 mawasiliano mengi ya intaneti ya Afrika Mashariki yalipanda hadi satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu na kushuka tena, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka uliofuata ukafuatiwa na EASSy. Yote miwili inafika Dar es Salaam, na kutoka bara mawasiliano huja Unguja kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Mwaka huo huo wa 2009 Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, miaka 43 baada ya andiko lake.

Kamba inayotuunga ndiyo inayoweza kutukatikia. Wazee hawajasahau miezi ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka bara ulipokosekana Unguja nzima. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, kusini mwa mwambao wetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Ulimwenguni kote sehemu kubwa ya hitilafu za mikongo ya baharini husababishwa na nanga na nyavu, yaani na mikono ya watu wasiojua kilicho chini yao. Nanga ile ya baharini na jembe letu la Tunguu ni ndugu.

Tufanye nini?

Mafundi walituachia nasaha, nami nazifikisha kama nilivyozipokea.

Kabla ya kuchimba msingi, kisima, karo au mtaro, nenda kwa sheha uulize nini kimepita hapo. Tazama vijiti au vigingi vya saruji vyenye alama kando ya barabara. Ukikuta utepe wa rangi kali ndani ya udongo, simama. Utepe huo umewekwa makusudi kukujulisha kuwa chini yake pana kitu.

Ukiukata mkongo, usijaribu kuuunga kwa mkono, usiuchome moto, wala usichungulie ncha yake, kwani mwanga usioonekana unaweza kudhuru jicho. Vipande vya uzi ni vigae vya kioo: vikiingia katika ngozi ya mtoto ni taabu kuvitoa. Waondoe watoto, kisha toa habari mara moja.

Na wale wanaofukua nyaya usiku kwa kutafuta shaba, wajue kuwa katika uzi wa kioo hakuna shaba ya kuuza. Anayeukata huwadhuru maelfu ya watu naye akaondoka mikono mitupu.

Ukurasa wa daftari

Nimebakisha habari ya yule binti. Mtandao ulipopotea hakujua sababu. Alisubiri, akidhani utarudi baada ya dakika chache, kama unavyorudi siku nyengine. Laiti tungemwambia saa tatu ile kuwa tumekata mkongo, angepanda daladala akawahi mjini. Aliambiwa saa tano, mafundi walipofika. Alifika mjini saa saba kasoro, na mlango wa kupokea kazi ulikwisha kufungwa.

Jioni ile, mkongo ukiwa umeungwa na mtaro umefukiwa, alikuja barazani na baba yake. Hakulaumu. Aliuliza tu kama kweli chanzo kilikuwa ni sisi. Yule mzee muadhini alimjibu kabla yangu: "Ndiyo, mwanangu. Ni sisi, na tulichelewa kusema."

Usiku huo niliandika barua kwa mwalimu wake. Nilieleza saa mkongo ulipokatwa, saa tulipotoa habari, na kwamba mwanafunzi hana kosa lolote. Niliigonga muhuri wa msikiti, mwenyekiti akatia saini, nami nikatia yangu. Kazi yake ilipokewa.

Kamati imekubaliana mambo mawili, nayo yamo katika daftari. Kwanza, hakuna jembe litakaloshuka katika kiwanja cha msikiti kabla ya sheha kuulizwa. Pili, pale ulipo mkongo pamewekwa kigingi cha saruji kilichopakwa rangi nyeupe, kwa gharama yetu wenyewe. Bomba la maji limepita mita mbili kando yake, na watoto wa madrasa wanaokwenda kutia udhu wanajua sasa kigingi kile kinalinda nini.